Mgongo wa Risiti

Saa kumi na moja, baa ya Mwananyamala bado inafagiliwa,
viti vimepanda juu ya meza, miguu hewani,
nasi watano tumeizunguka risiti ya luku
ambayo mgongo wake ndio ratiba ya usiku huu.

Kalamu nashika mimi, mpiga ridhimu,
kwa kuwa sina wimbo wa kuutetea.
Gervas wa saksafoni anao kumi na mbili.

"Tusianze na Deni la Kanga," asema Chande wa drams.
"Saa tatu goti langu halijaamka.
Nipeni rumba mbili za taratibu, lipate moto,
ndipo mniletee vurugu zenu."
Naandika rumba mbili.
Goti la Chande linatupangia maonyesho tangu mwaka juzi,
na mwandishi mmoja akasifu: bendi imekomaa.

Kisha Mlekwa, koo letu. Miaka sabini na moja.
Zamani sauti ilikwea kama mgema asiye na kamba;
siku hizi tunashusha ufunguo, nusu, na nusu tena,
hadi besi inanguruma kama friji ya hapo kaunta.
"Treni ya Saa Tisa?" namuuliza.
Wastaafu wa reli watakuwepo, meza ya pembeni,
na wale, wimbo wao ukipigwa, hutuza.
Anaweka kiganja shingoni kama apimaye homa ya mtoto.
"Iandike. Lakini jirani na mapumziko.
Nikianguka, niangukie kwenye tangawizi."

Nyimbo mpya tunazo. Nne. Nzuri, wallahi.
Moja ni ya mikopo ya simu,
tumeipiga mara tatu, na mara zote tatu
ukumbi mzima ukakumbuka kwenda msalani.
Anayekuja kwa wazee
haji kusikia walichowaza juzi.
Naipenyeza namba saba, katikati ya mbili zipendwazo,
kidonge ndani ya tonge.

Kuna mmoja hatuutaji.
Solo yake aliipiga Dihenga, na Dihenga yuko Kisutu.
Huyu kijana wetu mpya anaijua yote,
ameisoma kwenye simu, noti kwa noti, haikosi hata kikohozi.
Ndiyo maana hatuutaji.
Dihenga mwenyewe hakuwahi kuirudia sawasawa.

Inabaki nafasi ya mstari mmoja.
Wote wanatazama dari, feni, viatu vyao.

Nimesema sina wimbo. Ninao.
Sikudhani.
Niliutunga Magomeni Mapipa, nina miaka ishirini na tatu,
nimelala chali, nadaiwa kodi ya chumba.
Mwanamke huyo hakuwepo. Nilihitaji jina la silabi nne,
Mwanahawa lilishatumiwa na bendi ya mtaa wa pili.
Tangu hapo, kila Jumamosi, namlilia mtu
ambaye hata kanga yake sijawahi kuiona kambani,
na watu hunishika mkono mlangoni, kwa upole wa msibani:
hivi, mzee, alikurudia?

"Leo tuuache," nasema.
Nasema hivyo kila wiki.
Gervas anapuliza mate kutoka kwenye saksafoni.
Chande anafunga goti bandeji, mzunguko wa tatu, wa nne.

Ni Mama Tabu aliyesimamisha ufagio.
"Mkiuacha huo," akasema, "wateja watajuaje
kwamba ni saa ya kwenda kwao?
Mimi hapa nitafunga saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Alikuwa anauliza kweli.

Basi naukunja mwandiko, uenee
pale mwisho, ambapo tarakimu za umeme
zimejitokeza kutoka upande wa pili.
Mama Tabu ameanza kuteremsha viti.
"Ufunguo?" ananong'ona Mlekwa.
Nafikiri kidogo.
Wa chini, naandika.
Chini ya ule wa wiki jana.